Namna ya kupiga muhuri wazo lako na kushika jina lako kwenye blokcheni bila kununua tokeni ya mtu

Wakuu, watu wakisikia kripto wanawaza mambo mawili tu, Bitcoin leo imefika ngapi au yule jamaa wa Telegram aliyeingia mitini na hela za watu, na siwalaumu maana hizo ndo stori zinazofika mtaani. Ila ndani ya hii teknolojia kuna vitu viwili ambavyo mtu yeyote anayetengeneza chochote, msanii, mwandishi, dizaina, mtu wa programu, anaweza kuvitumia hata leo jioni. Kimoja ni kuthibitisha kwamba kazi yako ilikuwepo tarehe fulani. Kingine ni kushika jina ambalo hakuna kampuni itakayoamka asubuhi ikakuvua. Cha kwanza ni bure kabisa na ningekuwa na uwezo ningelazimisha kila prodyuza akifanye, cha pili kina gharama na mitego yake, na kwa walio wengi sioni haraka ya nini.

Kabla hatujaanza, kuna jambo wauzaji wa NFT, zile tokeni za kipekee zinazouzwa kama hati ya kazi ya kidijitali, hawapendi lisemwe. Blokcheni, yaani ule mnyororo wa kumbukumbu unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, haikupi umiliki wa wazo. Inakupa tarehe na inakupa funguo, basi, umiliki wenyewe unatoka kwenye sheria na kwa watu wanaokutambua kwamba hii ni yako. Novemba 2021 kuna kundi la watu wa kripto walijichangisha wakaenda kununua kwenye mnada wa Christie's kitabu nadra cha michoro ya filamu ambayo haikuwahi hata kutengenezwa, wakatoa euro milioni 2.66, alafu wakatangaza kwa furaha kwamba sasa wataiweka kazi yote hadharani na kutengeneza katuni yake. Mtandao mzima ukawauliza swali moja, hakimiliki mmeitoa wapi? Hawakuwa nayo, walichonunua ni karatasi. Upande wa majina nako hivyo hivyo, Februari 2023 baraza la mahakama New York lilimwambia msanii Mason Rothschild ailipe Hermès dola 133,000 kwa kuuza NFT zenye jina linalofanana na mikoba yao, na kuwa kwenye Ethereum, blokcheni nyingine kubwa mbali na Bitcoin, hakukumsaidia kitu. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuuzia tokeni eti "inamilikisha wazo lako milele", mpishe apite.

Muhuri wa tarehe

Huu ujanja ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1676 mwanasayansi Muingereza Robert Hooke alikuwa na kanuni ya springi mkononi lakini hakutaka kuimwaga wazi wenzake wakamuwahi, kwa hiyo akachapisha herufi zilizovurugwa tu, ceiiinosssttuv. Miaka miwili baadae akazipanga zikasomeka kwa Kilatini "ut tensio, sic vis", yaani mvuto ulivyo ndivyo na nguvu ilivyo, na hakuna aliyeweza kubisha kwamba alikuwa nayo tangu 1676. Alificha, akathibitisha, akafunua. Shika hiyo maana itarudi tukifika kwenye majina.

1991 watafiti wawili wa Marekani, Stuart Haber na Scott Stornetta, wakatoa njia ya kufanya hivyo hivyo kwa faili za kompyuta, na kuanzia 1995 kampuni yao ya Surety ikawa inachapisha kila wiki kwenye matangazo madogo ya New York Times mstari wa herufi na namba ambao msomaji wa kawaida asingeelewa ni wa nini. Gazeti likishatoka na kusambaa nchi nzima nani atarudi nyuma kubadilisha? Andiko la Bitcoin la muasisi wake Satoshi Nakamoto la 2008 lina marejeo nane na matatu kati ya hayo ni kazi za hawa jamaa, kwa hiyo muhuri wa tarehe sio kitu kilichobandikwa juu ya kripto baadae, kripto yenyewe ilichomoza humo.

Mstari ule unaitwa hashi. Chukua herufi tatu, abc, zipitishe kwenye kanuni ya hesabu inayoitwa SHA-256, unapata mstari wa tarakimu na herufi 64 unaoanza na ba7816bf. Zifanye ziwe herufi kubwa, ABC, mstari wote unageuka, sasa unaanza na b5d4045c na haufanani na wa mwanzo hata kidogo. Weka wimbo wa MB 40 utapata mstari wa 64 vile vile, na ukiwa na mstari peke yake huwezi kurudi nyuma ukapata wimbo. Unataka kuiona kwa macho yako, kwenye Windows fungua ile skrini nyeusi ya amri uandike certutil -hashfile wimbo.wav SHA256, kwenye Mac ni shasum -a 256 wimbo.wav, haihitaji intaneti wala programu ya kupakua.

Haya, kazi yenyewe sasa. Anza na kukusanya vitu, na hapa ndo wengi wanakosea kwa sababu wanapiga muhuri faili la mwisho tu, ile mp3 iliyokwisha kupikwa. Tatizo ni kwamba yeyote aliyeipakua hiyo mp3 anaweza naye kuipiga muhuri wake. Muhuri unasema faili hili lilikuwepo tarehe hii, hausemi nani kalitunga. Kinachosema nani kalitunga ni vile vitu ambavyo mwizi hana: folda ya FL Studio yenye njia zote za sauti, voisi noti uliyojirekodi unaimba kiitikio kikiwa bado hakijakaa sawa, daftari ulilolipiga picha lina mistari iliyokatwa katwa, faili la Photoshop lenye leya zake, rasimu ya kwanza na ya tatu na ya mwisho. Weka zote kwenye folda moja. Ongeza na faili dogo la maandishi lenye jina lako kamili, na kama mlikuwa wengi andikeni humo humo nani kaandika mashairi, nani kapiga biti, nani kaimba, na kila mtu asilimia zake ngapi, alafu kila mmoja abaki na kopi. Ugomvi mwingi wa muziki huku kwetu hauanzi na mwizi wa mbali, unaanza na washkaji waliokaa studio moja usiku mzima bila kuandika chochote, wimbo ukihit ndo kila mtu anakumbuka kivyake. Ukimaliza fanya folda yote iwe zip moja.

Hatua inayofuata ni kufungua opentimestamps.org. Huu ni mradi ulioanzishwa na Peter Todd, mmoja wa watu walioandika programu ya Bitcoin, ulitoka 2016 na hauhitaji akaunti, hauhitaji barua pepe, hauhitaji waleti (pochi ya kripto) wala sarafu yoyote. Unaburuta zip yako unaiweka pale. Faili lenyewe haliondoki kwenye mashine yako, hashi inapigwa ndani ya brauza na hiyo ndo inayotumwa, kwa hiyo hata kama zip ni GB 2 bando lako halitikisiki na hakuna anayeuona wimbo. Baada ya sekunde chache unapewa faili dogo sana lenye mkia wa .ots, lipakue ulitunze, hilo ndo risiti.

Utajiuliza inakuwaje bure wakati muamala wa Bitcoin unalipiwa. Seva zao zinakusanya hashi za watu wote, zinaziunganisha mbili mbili, hashi ya hizo mbili inaungana na nyingine, zinapanda hivyo hivyo mpaka inabaki moja juu kabisa, na hiyo moja ndo inaingizwa kwenye muamala mmoja wa Bitcoin. Risiti yako ya .ots ina njia ya kutoka kwenye faili lako mpaka pale juu. Ndo maana 2017 Todd aliweza kupiga muhuri mafaili kama milioni 750 ya Internet Archive bila kufilisika.

Sasa usikimbie. Risiti ukiipata tu bado haijakamilika, inasubiri muamala uingie kwenye bloki, yaani ukurasa mpya wa daftari la Bitcoin, na hilo huchukua masaa kadhaa. Rudi kesho yake kwenye tovuti ile ile, weka .ots alafu weka na zip, itakuambia bloki namba ngapi na tarehe gani. Watu wa kompyuta mnaweza kuweka opentimestamps-client kwa pip, alafu ots stamp kazi.zip, kesho yake ots upgrade kazi.zip.ots, ambayo inaingiza ushahidi wote ndani ya risiti ili hata seva zao zikifa kesho kutwa risiti yako isimame yenyewe. Kwa kuhakiki kwa ots verify utahitaji nodi yako ya Bitcoin, kama huna tumia tovuti inatosha. Na jua kwamba saa ya bloki inaweza kupishana na saa ya ukutani, kwa hiyo huu muhuri ni wa kubishania siku, sio wa kubishania nani alitangulia saa nne na nani saa tano.

Kutunza ndo kunakowashinda watu. Faili likibadilika hata kwa baiti moja, hashi haioani tena na muhuri wako unakuwa wa kitu kingine. Picha ukiituma WhatsApp kama picha inabanwa, tayari ni faili jingine, itume kama dokumenti. Ukifungua andiko kwenye Word ukabonyeza kuhifadhi, hata kama hujaongeza koma, faili linaweza kubadilika. Kuna programu za kusikilizia muziki ambazo zenyewe zinaingiza kava ya albamu ndani ya mp3 bila kukuuliza. Ndo sababu nimesema zip: ukishaipiga muhuri usiiguse, weka kopi moja kwenye flashi, moja Google Drive, moja kwa mtu unayemwamini, na .ots yake ikae pembeni yake kila mahali, zip bila .ots au .ots bila zip hazina maana.

Kuhusu wazo lenyewe sasa, maana watu huchanganya. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna ulivyolieleza, hili liko mpaka kwenye mkataba wa kimataifa wa TRIPS kifungu cha 9. Ukiwa na wazo la apu ya kuagiza mtungi wa gesi mpaka mlangoni, kila mtu anaruhusiwa kutengeneza yake, ila programu uliyoiandika, maneno, michoro ya skrini, hivyo ni vyako tangu ulipovitengeneza hata kama hukusajili popote, kwa sababu Kenya iko kwenye mkataba wa hakimiliki wa Berne tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Bado nakushauri usajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, karatasi ya serikali mbele ya hakimu inaongea lugha anayoijua. Na kama ulichonacho ni uvumbuzi, mashine, dawa, njia mpya ya kufanya kitu, basi hiyo ni hataza na kwenye hataza anayewahi kuwasilisha maombi ndiye anayepata, muhuri wa Bitcoin haukushikii foleni. Uzuri wake ni kwamba haufichui siri, maana hashi haisomeki, kwa hiyo unaweza kupiga muhuri kimya kimya wakati unaandaa maombi ya BRELA kwa Tanzania, KIPI kwa Kenya au ARIPO, shirika la kikanda kule Harare, lakini usiende kuposti mchoro wa mashine Instagram ukijidai umeulinda. Ukishauanika, upya wake unaweza kuwa umekwisha.

Jina

Jina la mtandaoni kwa kweli ni vitu vitatu tofauti na watu wanaviita kimoja. La kwanza ni jina la akaunti, lile lenye alama ya @, na hilo sio lako hata siku moja. Julai 2023 Twitter ilipojibadilisha kuwa X, mpiga picha wa San Francisco, Gene X Hwang, ambaye alikuwa na @x tangu 2007, alichukuliwa jina lake, hakulipwa hata senti, aliahidiwa vitu vya ukumbusho na kutembezwa ofisini. Na hakukuwa na pa kulalamika maana masharti aliyokubali siku anafungua akaunti yanairuhusu kampuni kufanya hivyo. La pili ni domeni ya kawaida, .co.tz, .co.ke, .com, hiyo unakodi kwa mwaka na una haki zinazoeleweka, pia kuna utaratibu wa kulalamika mtu akikuwahi jina la biashara yako. La tatu ndo hili la kwenye blokcheni.

Mwaka 2001 mtu wa kriptografia anaitwa Zooko Wilcox-O'Hearn alisema kwamba mfumo wa majina unaweza kuwa na mawili tu kati ya matatu: majina yanayosomeka na binadamu, usalama, na kutokuwa na bosi mmoja. Januari 2011 Aaron Swartz akaandika akionyesha kwamba kwa njia ya Bitcoin yote matatu yanawezekana, na Aprili mwaka huo huo ikatoka Namecoin, iliyochukua programu ya Bitcoin na kuitumia kusajili majina ya .bit. Wazo tamu sana. Kilichotokea ni kwamba kusajili jina kulikuwa rahisi mno, sehemu ya mia ya sarafu moja, kwa hiyo wakaja walanguzi wakayabeba majina yote ya maana, na 2015 watafiti wa Princeton walipochungulia majina kama 120,000 yaliyosajiliwa walikuta 28 tu ndo yanatumika kweli. Ishirini na nane! Yaani tumeondoa bosi, tukaweka madalali.

Kuna kisa kingine cha huko huko Namecoin ambacho kila mwenye jina la kidijitali inabidi akijue. Mei 2014 msanii wa New York, Kevin McCoy, alisajili pale kazi yake inayoitwa Quantum, ambayo wengi wanaihesabu kama NFT ya kwanza duniani. Lakini majina ya Namecoin yanakufa baada ya bloki 36,000 kama hujayahuisha, hiyo ni kama miezi minane, na halikuhuishwa. 2021 NFT ilipokuwa moto, McCoy akatengeneza tokeni mpya ya kazi ile kwenye Ethereum na wapiga mnada wa Sotheby's wakaiuza Juni kwa dola milioni 1.47, wakati huo huo mtu mwingine alishakwenda Namecoin akalisajili lile jina lililokufa, na akafungua kesi akisema yeye ndo mwenye nayo. Machi 2023 jaji aliitupa kesi. Mnyororo ulimtambua yule, dunia ikamtambua msanii.

Leo mfumo unaotumika zaidi ni ENS, wa Ethereum, ulioanza Mei 2017, majina yake yanaishia na .eth. Wao walijifunza kwa Namecoin wakaweka bei: jina la herufi tano na kuendelea ni dola 5 kwa mwaka, herufi nne dola 160, herufi tatu dola 640, kufukuza walanguzi. Ni kodi ya kila mwaka, kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia .eth ni yako milele jua hajasoma.

Kama umeamua unalitaka, kwanza angalia sheria ya unapoishi kuhusu kununua sarafu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 la kupiga marufuku matumizi ya sarafu za kripto, Kenya wao 2025 wamepitisha sheria ya kusimamia watoa huduma wa mali hizi, na mambo haya yanabadilika, kwa hiyo hilo la kwako kuulizia kabla hujatuma hela kwa mtu.

Fungua waleti mpya, MetaMask au nyingine unayoiamini, na hapo utapewa maneno 12. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Usiyapige skrinishoti, usijitumie kwenye WhatsApp, usimpe "msaidizi wa kiufundi" yeyote hata akiwa na picha ya nembo. Nasema waleti mpya kwa sababu jina la .eth ukilibandika kwenye waleti, kila mtu duniani anaweza kuandika jina lako akaona salio lako na kila muamala uliowahi kufanya, unajua mwenyewe ndugu na jamaa wakishajua una kiasi gani inakuwaje. Hela zikae kwingine, jina likae peke yake na ETH kidogo (sarafu ya Ethereum) ya ada.

Andika mwenyewe app.ens.domains kwenye brauza, usipite kwenye linki ya tangazo wala ya barua pepe inayosema jina lako linakaribia kuisha, hizo ni nyingi na nyingi ni za matapeli. Tafuta jina lako. Likiwa wazi chagua miaka, mi ningechukua miaka kadhaa kwa mkupuo maana ada ya gesi, yaani ile ya kupitisha muamala kwenye mtandao wa Ethereum, unalipa kwa kila safari na siku mtandao una foleni ada inaweza kuizidi hata bei ya jina lenyewe, kwa hiyo chungulia kwanza gesi ikoje, ikiwa juu subiri.

Ukibonyeza kusajili itakuomba uthibitishe muamala, alafu itakuambia subiri sekunde 60, alafu muamala wa pili. Wengi hapa wanadhani imekwama wanafunga. Usifunge. Ule wa kwanza unatuma hashi ya jina ikiwa imechanganywa na namba ya siri, kwa hiyo aliyekaa anavizia miamala haoni unataka jina gani. Dakika ikipita ndo unalitaja wazi, na mnyororo unajua ulishaliwekea nia kabla. Ni Hooke yule yule na springi yake. Bila hiyo hatua, mwenye roboti angeona unasajili jina, analipa ada kubwa kukuzidi, anakupita. Namecoin nao walikuwa na hatua hizo mbili, kule ulisubiri bloki 12.

Likishakuwa lako, weka rekodi: anwani ya kupokelea, tovuti, na uliweke kama jina kuu la waleti ili watu waone jina badala ya anwani ndefu inayoanza na 0x. Weka kumbukumbu ya tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya simu na ya mtu mwingine. Likiisha una siku 90 za kuliokoa, baada ya hapo linaingia kwenye mnada wa bei inayoshuka wa siku 21 ambapo yeyote anaweza kulichukua.

Na usilitegemee kama ndo tovuti yako. Brauza nyingi hazifungui .eth zenyewe, zinahitaji daraja la domeni ya kawaida, na madaraja yanavunjika. Daraja la zamani lilikuwa eth.link, domeni ile iliandikishwa na Virgil Griffith, mwaka 2022 yeye akiwa gerezani Marekani domeni ikaisha muda, ikauzwa, na ilibidi watu wa ENS waende mahakamani Arizona kuomba irudishwe. Majina maelfu kwa maelfu yasiyo na bosi, yamening'inia kwenye domeni moja ya mtu aliyefungwa. Sijui kama kuna kejeli inaizidi hiyo.

Kwa hiyo kwa mwenye biashara mpangilio wangu ni huu: jina BRELA au KIPI kwanza, domeni ya kawaida ya pili kwa akaunti yako mwenyewe na sio ya kijana aliyekutengenezea tovuti, akaunti za mitandao tatu, na .eth mwisho kama unapokea malipo ya kripto au wateja wako ni wa huko. Wakuu wa sanaa mnaouza nje kwa ETH, nyie .eth ipandisheni juu kwenye orodha.

Siku ukiibiwa

Ushahidi wa namna hii umeshasimama mahakamani. Juni 2018 Mahakama ya Mtandao ya Hangzhou, China, ilikubali ushahidi wa hakimiliki ambao hashi yake iliwekwa kwenye Factom, blokcheni nyingine, na Bitcoin. Huku kwetu, Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayokubali data ya kielektroniki kama ushahidi, mahakama itapima ilivyotengenezwa na kutunzwa, na Kenya Sheria ya Ushahidi inataka cheti cha mtu anayeeleza rekodi ilitoka kwenye mashine gani na vipi. Hakimu hatakiwi kujua Bitcoin, ila mwanasheria wako inabidi umkalishe umuonyeshe.

Mara nyingi lakini haifiki huko, inaishia kwenye fomu ya malalamiko ya YouTube au Instagram, au kwenye ujumbe mmoja ulioandikwa kwa akili. Usianze na matusi wala kumtag kila mtu. Usimtumie zip nzima, mtumie hashi, .ots na kipande tu cha kazi, kopi kamili inabaki kwako ya kufungua mbele ya mtu wa tatu. Mi ningeandika hivi:

"Habari ndugu. Wimbo ulioupandisha una biti na kiitikio vya kwangu. Nina folda ya kazi yote, rasimu na njia za sauti, imepigwa muhuri kwenye Bitcoin kabla hujaupandisha, hashi na risiti nimekuambatanishia, unaweza kuhakiki mwenyewe opentimestamps.org mbele ya mtu yeyote unayemwamini nikija na faili. Na wewe kama una faili za kazi nionyeshe za tarehe ya nyuma zaidi. Ukiniandika jina langu na tukakubaliana asilimia tunamaliza hapa hapa, isipokuwa hivyo nawasilisha malalamiko Ijumaa."

Alafu Ijumaa ikifika, wasilisha kweli.